Nataka flati Lisbon, mume wangu anataka tumalize nyumba ya Fuoni

BARUA

Mshauri, assalaam aleykum. Jina langu naomba usilitoe, ukoo wetu mkubwa na safu hii wanaisoma wote.

Mie ni mwanamke wa miaka 57, mzaliwa wa Unguja, mtoto wa Kikwajuni, Uingereza huu mwaka wa 26. Kazi yangu uuguzi na magoti yangu ndio mashahidi. Mume wangu ana miaka 61, yeye ni Mmwani wa Pemba, si Pemba yetu ya karafuu, Pemba ya Msumbiji kule Cabo Delgado. Kimwani chake na Kiswahili changu tunasikilizana vizuri tu, ila akikasirika anahamia Kireno. Tulioana 2007, sheikh alikuja nyumbani akatufungisha, tukala biriani, maisha yakaendelea. Pamoja hatukujaaliwa mtoto. Mie nina binti mmoja kwa mume wa kwanza, yeye ana watatu kwa mke wa kwanza, wawili wako Msumbiji na mmoja Ureno.

Sasa kisa chenyewe. Kabla ya kuja huku mume wangu alikaa Lisbon, toka 1991 mpaka 2004, akifanya ujenzi, na uraia wa Ureno aliupatia huko. Mie mji ule nimeujua 2019 tulipokwenda kumtembelea mwanawe, tukarudi tena mwaka jana mwezi wa nne. Mshauri, sijui nisemeje ili nieleweke. Nilifika pale nikahisi nimerudi nyumbani bila ya kero za nyumbani. Vichochoro vya Alfama ni Mji Mkongwe mtupu, nguo zimeanikwa madirishani, kina mama wamekaa vizingitini wanawasema wapita njia, jua lile, samaki wa kuchoma. Naingia dukani nasikia mtu anasema meza, anasema bandera, nacheka peke yangu. Nyama ya halali iko Martim Moniz, msikiti mkuu upo tena mkubwa. Huku nilipo naamka giza narudi giza.

Basi nikaanza kuangalia flati mtandaoni, mwanzo kama mchezo. Nimepata moja Graça, kule juu kilimani unakoiona ngome na mto wote, vyumba viwili vya kulala, mita za mraba 58, ghorofa ya nne, jengo la miaka ya 1930, bei euro 310,000. Lifti hakuna, ngazi ni 78. Wauzaji ni warithi, ndugu watano, mmoja yuko Ufaransa. Dalali anasema nilipe euro 5,000 za kuishikilia kabla mwezi haujaisha, manake kuna Wafaransa wawili wanaitaka. Anasema mkopo wa asilimia 70 tutapata na kwa mwezi itakuwa kama euro 1,040 tu, na kabla hatujahamia tutawapangishia watalii ijilipe wenyewe. Akiba tunayo, kama paundi laki moja na elfu ishirini hivi, robo tatu ni zangu, ovataimu za usiku miaka yote hii. Dada yangu mmoja naye kaniambia ukinunua nyumba Ureno unapewa na makaratasi ya kuishi, kwa hiyo hata hilo halina shida.

Mume wangu hataki kusikia. Anasema kwa nini tusiimalize nyumba ya Fuoni, tukazeekee Unguja tukiwa wafalme na pensheni zetu. Hiyo nyumba ya Fuoni nimeianza 2012, kaka yangu ndiye msimamizi, imefika linta na imesimama hapo hapo mpaka majani yameota ndani, na kila mwaka saruji imepanda, mara fundi kakimbia. Nimeshachoka kuuliza. Nikimtajia Lisbon mume wangu anasema maneno yale yale, "Wewe mji ule umeuona ukiwa ndani ya tramu, mie nimeuona nikiwa juu ya jukwaa la ujenzi." Kisha ananyamaza siku mbili.

Mama yangu anasema mtu hujenga kwao. Binti yangu anasema mama nunua, maisha ni mafupi. Na mimi la riba ya mogeji, huo mkopo wa nyumba, pia linanikaa rohoni, huku tumepanga miaka yote, mogeji sijawahi kuchukua. Je mimi ni mbinafsi? Nilipe hizo elfu tano au niache?

Mwenye magoti, Uingereza

JIBU

Wa aleykum salaam dada yangu. Barua yako nimeisoma asubuhi nikairudia usiku. Nianze na neno ulilolitaja mwishoni, la ubinafsi. Mtu aliyewageuza wagonjwa vitandani usiku kucha miaka 26 akatamani dirisha lenye jua, hilo neno mimi silioni linapomkaa. Liweke pembeni ili tuzungumze mengine, manake humu ndani mna mengi na uliyoyapa kisentensi kimoja ndiyo makubwa zaidi.

Ninavyokuelewa, unavutana na mume wako, Lisbon au Fuoni. Lakini nikisoma vizuri naona kila mmoja wenu kuna mahali pamemuumiza na anapakimbia, na pale anapokimbia mwenzie ndipo yeye anapopaona salama. Wewe Fuoni imekuchosha, ina kaka yako ndani yake, ina pesa zako zilizogeuka majani. Yeye kwao Cabo Delgado kuna vita toka 2017, kurudi si jambo la leo wala kesho, na Lisbon kwake si jua na samaki. Miaka ile ya tisini mji ule ulikuwa unajengwa kwa mikono ya watu wa Cabo Verde, Angola, Guinea-Bissau na Msumbiji, maonyesho ya Expo 98, daraja la Vasco da Gama lililofunguliwa mwaka huo huo, barabara, metro. Wengi wao walilala vibandani pembezoni, Amadora na kwengineko, vibanda ambavyo baadaye vilibomolewa. Shemeji alikuwa wapi katika hayo sijui, hukuniandikia, na nashangaa kidogo kama wewe unajua. Umeninukulia maneno yake ya jukwaa kama vile ni ukaidi. Mimi nimeyasikia kama mlango. Umewahi kumwambia haya, niambie ulipokuwa juu ya jukwaa uliona nini?

Halafu njoo kwenye biriani. Umesema sheikh alikuja nyumbani akakufungisheni. Je, mlikwenda pia ofisi ya serikali mkasajili ndoa? Kama hamkwenda, basi mbele ya Mungu wewe ni mke, hilo halina ubishi, lakini nikaha ya nyumbani peke yake Uingereza haihesabiki kuwa ndoa ya kisheria, na karatasi za Ureno zitakuuliza cheti usichonacho. Hili sikutishi, wanawake wa Kiislamu waliokwama hapo ni wengi mno na wengi wamegundua siku ya msiba. Sasa tazama uzito wake. Sheria ya mirathi ya Ureno inamlinda mke na watoto, thuluthi mbili za mali ya marehemu ni zao kwa lazima, anayoweza kumwachia amtakaye ni thuluthi moja tu, utaona haiko mbali sana na wasia wetu. Mkihamia huko na yeye akatangulia, mke mwenye cheti anagawana na wale watoto watatu. Asiye na cheti hahesabiwi mrithi. Wareno wanawatambua pia watu walioishi pamoja kama mke na mume zaidi ya miaka 2, na mmoja akifa aliyebaki anaruhusiwa kuendelea kukaa nyumbani kwa miaka kadhaa, lakini kukaa si kumiliki. Na wewe ndiye uliyetoa robo tatu ya pesa. Kwa hiyo kabla ya Graça, kabla ya dalali, mimi ningejua hilo. Kama halijafanyika, kusajili ndoa ni notisi ya siku 28 na mashahidi wawili, mnaweza kupika biriani nyingine.

Na hapo hapo linaingia suala la kuishi. Dada yako alikuwa sahihi zamani, ile viza ya kununua nyumba ilianza 2012, lakini njia ya nyumba ilifungwa Oktoba 2023, hivyo flati haikupi ukaazi tena. Pasipoti ya Uingereza toka Brexit, yaani Uingereza ilipotoka Umoja wa Ulaya, inakupa kukaa siku 90 katika kila siku 180, basi. Njia nyepesi zaidi ya kupata haki ya kuishi Ureno ni mume wako mwenye uraia na ndoa inayothibitika, si ngazi 78. Yaani ule mji unaoutaka umefungwa na kufuli ambalo ufunguo wake anao yule unayeshindana naye. Mimi nilipofika hapa nilicheka kidogo, nisamehe.

Sasa hesabu. Dalali hakukudanganya ila hakumaliza kuzungumza. Asilimia 70 ya 310,000 ni 217,000. Hiyo 1,040 kwa mwezi inatoka ukigawanya kwa miaka 30 kwa riba ya asilimia 4 hivi. Miaka 30 kutoka leo shemeji atakuwa na miaka 91. Benki nyingi za huko zinataka mkopo uwe umekwisha mkopaji akiwa kwenye miaka 75 hivi, na wanaangalia aliye mkubwa kati yenu, kwa hiyo mnabakiwa na miaka 14. Riba ile ile, mkopo ule ule, miaka 14, inakuja karibu euro 1,690 kila mwezi. Hiyo mtailipa na pensheni? Juu ya bei kuna kodi ya uhamisho wanayoiita IMT, kuna kodi ya stempu, selo, asilimia 0.8, kuna notari, ile ofisi inayothibitisha hati, kuna mwanasheria, watu hutenga kama asilimia 6 mpaka 8 ya bei, na mwaka 2025 serikali ilitangaza nia ya kuwapandishia IMT wasioishi nchini, hivyo mwanasheria akupigie hesabu ya siku yenyewe, si ya mwaka jana. Ukitoa asilimia 30 na gharama hizi akiba yenu inakuwa imebaki mifupa, na nyumba ya miaka ya 1930 lazima itaomba kitu, bomba au paa.

La riba sitakujibu, mimi si mufti, na najua wanazuoni wanaowafuata watu wa Ulaya hawasemi sauti moja. Kaa na mtu unayemwamini elimu yake. Ila usilipuuze kwa sababu ya Wafaransa wawili. Kitu kikikukaa rohoni kabla hujasaini, baada ya kusaini kitahamia kwenye usingizi.

Kuhusu hizo elfu tano, sikwambii lipa wala usilipe, nakwambia unachonunua. Pesa ya kushikilia si ununuzi, ni karatasi ya dalali, iombe kwa maandishi iseme lini inarudi na kwa sababu zipi. Ununuzi wenyewe unaanza na mkataba wa ahadi, hapo hutolewa malipo ya awali wanayoyaita sinal, mara nyingi asilimia 10 mpaka 20 ya bei. Ukirudi nyuma wewe umeipoteza, akirudi nyuma muuzaji anakurudishia mara mbili. Kwa warithi watano lazima wote wasaini, na yule wa Ufaransa ndiye ningemuulizia mwanzo kabisa. Mwanasheria wako, wa kwako si wa dalali, avute cheti cha usajili wa nyumba aone kama kuna deni juu yake, na leseni ya matumizi pia, manake toka 2024 notari hailazimiki tena kuidai siku ya kusaini, zamani ilikuwa inakukinga bila wewe kujua, sasa ujilinde mwenyewe. Na habari ya kuwapangishia watalii, jamani, wenyeji wa mji ule wameandamana kwa sababu ya hilo jambo, wamehamishwa kwenye mitaa yao, na manispaa imebana leseni khasa huko katikati penye mandhari. Usiiweke kwenye hesabu mpaka manispaa ijibu kwa maandishi juu ya jengo lile lile.

Umekwenda mara mbili, ya pili mwezi wa nne, si ndio? Lisbon ya Januari huijui. Si baridi ya huko ulipo, lakini nyumba za zamani nyingi hazina mfumo wa kupasha joto, kuta zinatoa unyevu, nguo hazikauki, watu wanakaa ndani na makoti. Wapo wazee wa Graça na Alfama ambao wanashuka ngazi mara moja kwa wiki kwa sababu ya hayo magoti unayoyataja wewe mwenyewe kwenye sahihi ya barua. Dada, umejiita mwenye magoti. Sidhani uliandika hivyo kwa bahati mbaya.

Lakini na Fuoni nayo tusiifanye peponi kwa sababu tu ni kwetu. Kiwanja kimeandikwa jina la nani? Wewe unatembelea pasipoti ya Uingereza? Tanzania haina uraia pacha kwa mtu mzima, na shemeji huko ni mgeni kabisa, hivyo karatasi zina maswali yake kama za Lisbon. Pensheni ya serikali ya Uingereza ukihamia Tanzania inaganda pale pale ilipoanza, haiongezwi mwaka hadi mwaka, ukiwa Ureno inaongezwa. Na mstaafu wa Uingereza anayepokea pensheni hiyo anaweza kutibiwa Ureno kwa fomu ya S1, gharama ikabebwa na Uingereza, Unguja hakuna kitu kama hicho. Kwa muuguzi sihitaji kueleza maana yake mtu akiwa na miaka 75. Wafalme, sawa, lakini mfalme naye huugua. Na kuna kaka. Umeandika umechoka kuuliza, nami najiuliza ni kiasi gani cha hamu ya Lisbon kinatoka kwenye kuchoka huko. Si vibaya, ila ukinunua Graça, linta ya Fuoni itabaki imesimama na mama yako anaiona kila akipita. Hilo la kaka lina siku yake, liko Graça au haliko.

Katikati ya hizi mbili kuna mambo hujayataja. Ng'ambo ya mto, Almada, Seixal, au mbele zaidi Setúbal, bei ni nafuu kuliko Graça, majengo ya miaka ya themanini yenye lifti yapo, na ukiwa Almada au Seixal unavuka na pantoni mpaka Cais do Sodré kama mtu wa Kigamboni anavyokwenda mjini. Unapoteza dirisha lenye ngome, unapata ngome yenyewe ng'ambo ukiitazama. Au mnakodi miezi miwili mitatu ya baridi, ndani ya zile siku zako 90, likizo yenu ya mwaka mzima iende huko, hasara yake ni kodi ya pango tu. Au flati ndogo mnunue kwa taslimu bila mogeji, pesa mlizonazo zitawapeleka mbali na katikati, lakini suala la riba litakuwa limeondoka mezani. Kila moja ina machungu yake. Kukodi kunaweza kukukatisha tamaa, na bei zikapanda wakati unasubiri, ukaja kunilaumu. Kununua mbali kunaweza kumrudisha shemeji kwenye vitongoji vile vile alivyovihama, hilo ulifikirie kabla hujamwonyesha picha.

Mama yako anasema mtu hujenga kwao, binti yako anasema maisha ni mafupi. Hao wote hawatapanda zile ngazi.

Ningekuwa karibu yako ningekuomba kitu kimoja kidogo kabla ya mwezi wa dalali kuisha. Usimwonyeshe mzee flati. Mwombe akupeleke Lisbon yake, siku mbili tu, panda naye treni ya Amadora, akuonyeshe alipolala, duka alilokopeshwa, stendi aliyosubiri gari la kazini alfajiri, nguzo gani ya daraja ni yake. Wewe nenda na viatu vya raha na usiseme neno kuhusu nyumba. Kisha niandikie tena, na safari hii nisimulie zaidi habari zake.